Mkaguzi wa mahabusu asibishe hodi

Ndugu Mhariri,

Uganda ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso mwaka 1986, na mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia na kukataza mateso. Itifaki ya Hiari ya Mkataba huo, ya mwaka 2002, inayotaka kila nchi inayoiridhia iwe na chombo chake huru cha kukagua mahali watu wanapozuiliwa, hatujairidhia. Wapo wanaosema haina haja: Ibara ya 52 ya Katiba imeipa Tume ya Haki za Binadamu kazi ya kutembelea magereza, na Ibara ya 54 inasema Tume haiamriwi na mtu.

Tunaiheshimu Katiba, lakini uhuru wa mkaguzi hupimwa kwenye mafuta ya gari. Fungu likikauka, safari ya Karamoja, kule mbali kaskazini mashariki, inakufa, au mkaguzi anaomba lifti kwa wale wale anaokwenda kuwakagua. Habari zinamtangulia. Akifika, seli imeshadekiwa na mwenye majeraha ameshahamishwa.

Akifika ghafla, aanze na daftari la mahabusu. Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, kwa hiyo saa ya kuingia ndiyo huchezewa. Maingizo ya siku nne yenye wino mmoja na mwandiko mmoja, ilhali zamu zilibadilika, huenda yaliandikwa kwa mkupuo. Kisha ahesabu sahani. Daftari likionyesha watu 19 na chakula kimepakuliwa cha 23, wale wanne wako wapi?

Wa kuhojiwa awachague mwenyewe, faragha, na wawe wengi, hata wasio na malalamiko, ili askari asijue nani kasema. Arudi baada ya wiki chache kuwaangalia. Kisasi kipo: mwaka 2017 Kamati Ndogo ya Umoja wa Mataifa ya Kuzuia Mateso ilisimamisha ziara yake Rwanda, nchi iliyokwisha kuridhia Itifaki, kwa kuzuiwa kazi na kuhofia usalama wa waliohojiwa.

Tunaomba Itifaki iridhiwe, fungu la ukaguzi liwe na mstari wake katika bajeti inayopitishwa na Bunge, na kikosi kisiwe na maofisa walioazimwa kutoka polisi au jeshi. Ibara ya 23 inakataza kumweka mtu mahali pasiporuhusiwa kisheria, basi ukaguzi ufike hadi kwenye nyumba za siri. Ofisa atakayefunga mlango ashtakiwe yeye mwenyewe, kwa jina lake.

Wasomaji wenu,
Kampala