Usiache kienyeji Jumatatu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Ile sehemu ya "Jumatatu naacha mazima, namwaga chupa zote, sitaki dokta wala nini" ndo imenifanya nikae niandike barua ndefu badala ya kukutumia kidole gumba. Kwanza hongera, na sikupigi fiksi, mi kulitamka tu hilo neno kuacha ilinichukua miaka. Ila nakuomba kitu kimoja ndugu yangu, usiache pombe kienyeji.

Umeandika juujuu tu, kama kitu kidogo, kwamba asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue ndo inatulia. Hapo ndo nimeshtuka. Miaka yote tumekuwa tukiiita hangova na kucheka, kumbe hangova unalala unakunywa maji inaisha yenyewe, hii ya kwako inataka pombe ndo iondoke. Dokta mmoja alinielezea hivi: pombe kwenye ubongo ni kama breki, sasa ukiikanyaga breki kila siku ubongo nao unakanyaga mafuta ili gari iendelee kutembea, siku ukitoa breki ghafla mafuta yanabaki yamekanyagwa mpaka chini. Huko kutetemeka ndo hayo mafuta.

Ile mara yangu ya tatu ya kuacha sijawahi kukusimulia vizuri, nilikuwa naona aibu. Chupa ya mwisho ilikuwa Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi jasho, moyo unadunda, na ile chai nimeishika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto na bado nusu ikaishia kwenye shati, mke wangu akageuka dirishani akajifanya hajaona. Nikajikaza. Jumapili asubuhi nikaanguka bafuni, mwili unakakamaa na kurukaruka kama mwenye kifafa, mimi ambaye sijawahi kuwa na kifafa maishani, nimezinduka ulimi nimeung'ata. Baadaye ndo nikaambiwa hiyo hutokea sana ndani ya masaa 48 ya kwanza, na ikishapita hujasalimika, kuna nyingine wanaiita delirium tremens ambayo mara nyingi inakuja siku ya pili ya tatu hivi, mtu anaweweseka, anaona wadudu ukutani, homa juu presha juu, na bila matibabu inaua kabisa. Kingine ambacho hakuna aliyewahi kuniambia ni kwamba kila ukiacha ghafla na kurudia, arosto inayofuata, yaani haya mateso ya mwili kukosa pombe, inaweza kuwa kali kuliko iliyopita. We umeshaacha na kurudi mara ngapi? Mi nakumbuka nne.

Hospitali wala hakukuwa na maajabu. Nesi ananiambia nyoosha mikono tandaza vidole, anaangalia tu. Leo siku gani? Unahisi kitu kinatambaa kwenye ngozi? Mwanga unakuumiza? Kila jibu anaandika pointi, pointi zikiwa juu napewa diazepam, dawa ya kutuliza, siku zinavyoenda wanapunguza, siku kama ya tano hivi nikawa naweza kujifungia vifungo mwenyewe. Tafadhali usije ukasema aa kumbe ni diazepam ngoja ninunue mwenyewe, ukichanganya na mtungi pumzi inaweza kukata usingizini. Afu kuna sindano ya vitamini B1, hiyo wanachoma kabla ya dripu la sukari, maana wanywaji wa muda mrefu huwa imetuishia mwilini na ikiisha sana mtu anaanza kuyumba na macho kucheza hata akiwa hajanywa, kumbukumbu inapotea na nyingine hairudi.

Sasa kuhusu swali lako, "we unajuaje kama mi ni mgonjwa au napenda tu." Hakuna kipimo cha damu kinachosema huyu ni mtegemezi wa pombe, vipimo vya ini vinaonyesha madhara tu, na ini linaweza kuwa safi na bado umenasa. Ni maswali. Kuna ya Shirika la Afya Duniani yanaitwa AUDIT, yako 10, kila moja lina pointi 0 mpaka 4, ukifika 8 unywaji wako una hatari, ukifika 20 dokta anaanza kufikiria utegemezi kweli kweli. Mi nilidanganya maswali matatu na bado nikapata 27! Lililonimaliza wala halikuwa la idadi ya chupa, lilikuwa kama kuna ndugu au rafiki amewahi kukuambia upunguze. Nikakukumbuka we, siku ile umeficha funguo za gari.

Vidonge vya baadaye navyo vipo, na nadhani watu hawavijui. Naltrexone inaondoa ule utamu, unakunywa unaona mbona kawaida tu, ila haiendi na dawa za maumivu za jamii ya mofini, tramadol ikiwemo, na ini lazima waliangalie. Acamprosate inapunguza ile kiu ya kurudi, unameza mara tatu kwa siku, hiyo wanaangalia figo. Disulfiram ndo ile ukinywa juu yake uso unawaka unatapika moyo unakimbia, mi sikuitaka, naona ni ya mtu mwenye msimamizi nyumbani na aliyekubali mwenyewe, sio ya kumwekea mtu kwenye uji kimyakimya kama wanavyofanya wengine, huko ni kumhatarisha. Mi niko na naltrexone na kikundi cha kila Alhamisi. Nimeteleza mara moja, mwezi wa saba, siku mbili, nikarudi kikundini nikasema, hakuna aliyenifukuza.

Kwa hiyo Jumatatu tufanye hivi. Chupa usimwage. Mpaka dokta akuone kunywa kile unachokunywa siku zote, usizidishe na usikate, najua inasikika kama ushauri wa mlevi lakini ndo salama. Ukianza kuona vitu au ukaanguka usinisubiri mimi, shemeji akukimbize hospitali usiku huohuo. Mi saa mbili asubuhi ntakuwa mlangoni kwako tuende wote, na kuanzia leo kila chupa unayofungua iandike kwenye karatasi pamoja na saa, ya kuzimua nayo iandike. Karatasi hiyo mpe dokta, mi sina haja ya kuiona.

Wako,
yule uliyemfichia funguo