Mafundi, pimeni diski kabla ya kupiga Windows

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na mafundi wa kompyuta wa mitaani, na wateja wao pia. Kompyuta ya nyumbani ikianza kuwa nzito, jibu la kwanza tunalopewa ni lilelile: "Ina virusi, tupige Windows upya." Mteja anakubali, analipa, anaondoka. Mara nyingi hakuna aliyeiangalia hadi diski yenyewe (hard disk), yaani kile kifaa cha ndani kinachotunza faili zote, na hapo ndipo watu wanapopoteza vitu ambavyo hela haiwezi kuvirudisha.

Nilifundisha fizikia sekondari hadi nilipostaafu, na hapa Tanga majirani huniletea mashine zao. Mwaka huu aliniletea yake mama mmoja wa mtaani kwetu, katibu wa vicoba. Ilikuwa inachelewa sana kuwaka. Kila alipofungua folda ya picha za harusi ya bintiye, kila kitu kiliganda: mshale unatembea, lakini hakuna kinachofunguka, na ile taa ndogo ya diski inabaki imewaka tu. Fundi aliyempelekea mwanzo alisema ni virusi, akapiga Windows juu ya diski ileile. Ikaenda vizuri kwa muda mfupi. Kisha ikaanza mlio, tik, tik, tik, na hatimaye mashine haikuitambua diski kabisa. Ndipo ikaletwa kwangu. Hesabu za vicoba tulizijenga upya kutoka kwenye vitabu vya wanachama. Lakini picha za harusi, na sauti ya marehemu mumewe akiwausia maharusi, zimepotea. Alilia mbele yangu, na sikuwa na la kumwambia.

Dalili za mwanzo alikuwa amemweleza yule fundi, na zilielekeza kwenye diski. Virusi vinaweza kuifanya mashine iwe nzito, lakini haviifanyi diski igonge. Na mashine inapoganda kila mara kwenye folda ileile, mara nyingi maana yake ni kwamba diski inarudia kusoma sehemu iliyoharibika na inashindwa. Kupiga Windows wakati huo kuna madhara mawili: kunaichosha diski inayokufa, na kunaandika faili mpya juu ya zile za zamani ambazo pengine bado zingeokolewa.

Ndani ya diski hizi kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinavyoelea juu yake bila kugusa. Nafasi iliyopo kati yao ni ndogo kiasi kwamba unywele wa binadamu ni mnene kuliko hiyo mara maelfu. Kwa hiyo nawasihi vijana wanaofungua mfuniko wa diski "kuangalia tatizo": vumbi la kibandani peke yake linatosha kuimaliza. Wala msiiweke kwenye friji kama wengine wanavyoshauriana, kwa sababu unyevu utaganda juu ya sahani.

Kuipima hakuhitaji vifaa vya gharama. Diski yenyewe hutunza kumbukumbu za afya yake, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzionyesha. Rangi ya buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Macho yaende kwenye mistari 05, C5 na C6. Hiyo inahesabu sehemu zilizokwisha kuharibika na kubadilishwa, zinazosubiri kuamuliwa, na zilizoshindikana kusomeka. Namba zikianza kupanda, hamisha faili siku hiyohiyo. Kama unaopanda ni mstari wa C7 peke yake, unaohesabu makosa ya data ikiwa njiani, badilisha kwanza waya wa data unaounganisha diski na kompyuta, ambao bei yake ni ndogo. Huenda diski ni nzima. Mtu anayenunua kompyuta ya mtumba aangalie na mstari wa 09, unaoonyesha diski imewashwa kwa saa ngapi. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo ukikuta 35,000 ujue imefanya kazi sawa na miaka minne usiku na mchana kabla haijafika sebuleni kwako.

Lakini buluu nayo si kinga. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya laki moja, na zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha lolote katika vipimo vinne vilivyoaminika zaidi. Ndiyo maana nakala ya pili ni lazima, hata kwa diski iliyonunuliwa jana. Flashi moja ya picha na nyaraka muhimu, ikakae kwa ndugu nyumba nyingine, inatosha kuanzia.

Dalili zikijitokeza, mpangilio wa kazi una maana kubwa. Kama diski inagonga, zima mashine na usiiwashe tena kwa kubahatisha. Kama haigongi, ichomoe uiunganishe kwenye kompyuta nyingine, uanze na vile visivyopatikana kwingine: picha, sauti, hati za kiwanja, kazi za chuo. Filamu na miziki baadaye. Ikisumbua katika kunakili, ipo programu ya bure ya Linux iitwayo ddrescue. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kwenye zile ngumu, na umeme ukikatika huendelea ilipoishia mradi umeiwekea faili yake ya kumbukumbu. Ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, chkdsk, ambayo mafundi wengi huikimbilia isubiri hadi nakala ipatikane, maana huilazimisha diski kufanya kazi nzito na hubadilisha yaliyomo.

Wateja, mkifika kibandani ulizeni: "Umeipima diski? Nionyeshe." Nanyi wateja haohao, mlipeni fundi kwa kupima hata akiwaambia diski imekwisha. Akili yake ndiyo mliyoifuata, na asipolipwa kwa kupima ataendelea kuuza Windows.

Navyo vyuo vya ufundi, VETA ikiwemo, naviomba viliweke somo hili mwanzoni kabisa, kabla kijana hajakabidhiwa mashine ya mtu. Na wenye vibanda waanze na hili dogo: kompyuta ikipokelewa, namba za mistari 05, C5 na C6 ziandikwe kwenye risiti mbele ya mwenyewe, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Mwalimu mstaafu,
Tanga