Mizuka ya wenzetu inatunza nyumba, ya kwetu inafukuza watoto tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi ukurasa wa barua, najua zikiwa ndefu huwa mnazikata ila hii nivumilie. Mi ni mtu wa Tanga, saivi niko Knoxville, jimbo la Tennessee huku Marekani, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mwezi wa kumi huku watu wanapagawa na mambo ya mizuka, kila duka mafuvu na buibui wa plastiki, sasa siku yetu ya ofu mimi na dada mmoja wa Uvira, Kongo, ninayefanya naye kazi tukasema na sisi twende tukakione hicho kijiji kinachosifiwa kwa mizuka, kinaitwa Rugby. Ni kama saa moja na nusu kwa gari, barabara inajikunja msituni kama ile ya kupandia Lushoto, netiwaki ikakata, mwenzangu akaanza kusali kabla hata hatujafika.

Mi nilitegemea kukuta magofu. Kumbe nyumba za mbao zimepigwa rangi, maua mbele, kanisa dogo la 1887, na maktaba iliyofunguliwa 1882 ambayo vitabu vyake kama 7,000 bado vimo kwenye rafu zilezile, ukiingia unasikia harufu ya karatasi la zamani kama la msahafu wa bibi.

Mwanzilishi alikuwa Mwingereza, Thomas Hughes, mwanasheria na mwandishi, akakifungua rasmi tarehe 5 Oktoba 1880. Kilichokuwa kinamkera ni mirathi. Kwao enzi hizo kwenye koo za kitajiri ardhi yote anabeba mtoto wa kiume wa kwanza, hakuna mambo ya mafungu kwamba kila mtoto ana chake, sasa wale wadogo wanabaki wamesomeshwa shule za gharama lakini mfukoni hamna kitu na kazi ya mikono ni aibu. Hughes akawaambia njooni Tennessee, huku ukishika jembe hakuna wa kukucheka. Pombe ikapigwa marufuku (Wazungu wenzao wa kundi la Freeland walioshuka Lamu 1894 wakidai wanaenda kujenga nchi ya usawa kule Mlima Kenya, wao pombe na ugomvi vilichangia kuwamaliza, hata safari yenyewe haikufika). Ila pale Rugby tenisi ilikuwepo na chai ya jioni ilikuwepo. Wakaweka kiwanda cha kusindika nyanya, halafu nyanya zenyewe hawakulima za kutosha! Hapo nilicheka mpaka mama aliyekuwa anatutembeza akageuka, maana nilimkumbuka babu, alikuwa na hadithi za hivyo chungu nzima za kijiji cha ujamaa walichohamishiwa 1974, trekta limefika dizeli haijafika.

Kilichoniuma ni kisima. 1881, kijiji hakijamaliza hata mwaka, homa ya matumbo ikaingia, chanzo maji ya kisima cha hoteli yao iliyoitwa Tabard, wakafa watu saba, na mmoja wao (samahani Mhariri) alikuwa mhariri wa gazeti la kijiji. Hoteli yenyewe ikaungua 1884, ikajengwa tena, ikaungua tena 1899. Mama mzazi wa Hughes alihamia na uzee wake wote, akafa 1887 akazikwa palepale, mwanae yeye alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Baada ya hapo vijana wengi wakatawanyika.

Sasa hapo ndo mizuka ilipopata kazi. Nyumba ya Newbury wanasema kuna mgeni wa zamani aliyefia ndani hajaondoka mpaka leo, na watu wanalipa hela nzuri tu kulala humo wakimsubiri! Nyingine inaitwa Roslyn, eti usiku unasikia gari la farasi linakuja mbio mpaka mlangoni, ukichungulia hamna kitu. Mwenzangu aligoma kabisa, "Miye siingie mule, weye ingia, nitakungojea ku motoka." Nikamwambia mzuka wa Kizungu hata Kiswahili hausikii, akajibu ndo mbaya zaidi, utamuombaje msamaha?

Mimi niliingia, na sikuona kitu wala sikusikia kitu, mbao zinalia tu ukikanyaga. Ila nilichokiona ni bati zima, vioo vizima, na foleni ya watu na tiketi zao mkononi. Tiketi za wapenda mizuka ndo zinasaidia kununua rangi na misumari. Na hawakuanza na serikali, kazi ya kukinusuru kijiji ilianza 1966, na aliyekuwa mbele alikuwa kijana wa miaka 16.

Mhariri, sasa linganisha na kwetu. Karibu na kijijini kwetu kuna nyumba ya Mjerumani, tangu nazaliwa naambiwa usipite pale jua likizama, utasikia buti za askari. Tukaogopa kweli. Lakini mchana hizo buti sijui zinaenda wapi, maana watu wameng'oa milango, wameng'oa bati, wamechimba sakafu yote wanatafuta rupia na mali za Mjerumani, mganga kawaonyesha eti ipo chini ya jiko. Mara ya mwisho nimeenda likizo umebaki ukuta mmoja na mbuzi. Na mahame ya babu, kule walikotolewa, hakuna hata kibao, miembe tu ndo inakuonyesha hapa palikuwa na mtu, na watoto wanaambiwa pana pepo basi hawaulizi nani alikaa pale.

Nyie magazeti na nyie mna lenu. Kila nikisoma habari ya nyumba ya zamani ni "wananchi wakumbwa na taharuki", picha ya mlango mbovu, imeisha hiyo. Nani aliijenga, nani aliishi, nani alifia humo na kwa ugonjwa gani, hamna. Naomba mtenge hata nusu ukurasa kwa mwezi, wasomaji watume hadithi za mahame na nyumba za kwao, na mzuka wenyewe muuweke, mi sina ugomvi nao. Ya kwanza nitatuma mimi, hiyo ya Mjerumani, ila naomba mwandishi wenu awahi kuupiga picha ule ukuta, niliacha watu wameshaanza kuchimba upande wa nyuma.

Msomaji wenu wa Tanga,
Knoxville, Tennessee