Ongeza siku ya sita

Igombe, Mwanza
12 Februari

Nyamizi mwanangu,

Mama yako alinisomea ujumbe wako, kisha nikaichukua simu nikausoma mwenyewe. Kwamba mnapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mwanzoni mwa Machi, siku 5, na tarehe mmeichagua ili usiku wa kwenda kileleni mwezi uwe mpevu. Kwamba utabiri wa leo unasema jua, wa kesho mvua, keshokutwa jua tena, na ninyi mmeamua mtajua hukohuko. Hilo la kujua hukohuko ndilo limeninyima usingizi.

Nimepiga hesabu. Siku ya kwanza mnalala vibanda vya Mandara, ya pili Horombo, ya tatu Kibo. Saa 6 usiku mnaanza kupanda, asubuhi kileleni, mchana huohuo mnashuka hadi Horombo, siku ya tano mko getini. Siku ya kungojea iko wapi? Haipo. Hali ikichafuka mkiwa Kibo, mita 4,720, ambako mvua hugeuka theluji, mtabaki na mawili: mwendelee hivyohivyo, au mrudi na hela imeshaliwa. Na mtu aliyekwisha kulipa ni mgumu kurudi. Ongeza siku moja, mama. Mlale Horombo mara mbili kabla ya kwenda Kibo. Siku hiyo wengi huilipia ili mwili uzoee hewa hafifu ya juu, kwa hiyo haipotei hata kukiwa kukavu.

Halafu angalia hiyo simu inakutabiria wapi. Ikiandika Moshi, ni Moshi mjini, chini ya mita 1,000. Wewe unakwenda 5,895. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6, basi siku ambayo watu wa Moshi wanajipepea, juu kule ni barafu. Tena Marangu iko kusini mashariki, upande unaonyeshewa sana. Wanaopitia Rongai, kaskazini, hukuta ukavu zaidi. Sikulaumu kwa Marangu. Ndiyo njia yenye vibanda vya kulala, na kwa msimu huu paa ni bora kuliko hema. Hapo ulifikiri vizuri. Lakini Machi ndiyo masika yanaingia, na yakiamua kuwahi hayaangalii mmekodi gari lini. Fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, ya msimu kwanza, kisha za kila siku mkikaribia kuondoka. Usiangalie mara moja ukaridhika.

Sisi ziwani tumezoea ubaya kuja usiku, kuelekea alfajiri. Mlimani mara nyingi asubuhi ni kweupe, mawingu yanapanda kutoka msituni mchana. Kwa hiyo tokeni mapema kila siku, msikae kupiga picha hadi saa 5.

Sikufurahi kwamba mama yako alijua wiki nzima kabla yangu. Uliogopa nitakataa? Sikatai. Mwalo mzima wanajua binti yangu anakwenda Kilimanjaro, na ni mimi niliyewaambia. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuukanyaga mlima huo. Nataka uupande. Nataka uupande kwa siku 6.

Ile habari ya usiku wa mtumbwi unaijua, siirudii. Ila siku zote nimesema upepo ulitujia ghafla. Jioni ile redio ilikuwa imetangaza. Nilisikia, nikiwa nafunga taa. Mafuta yalikuwa yameshanunuliwa, na tajiri mwenye mtumbwi alikuwa amesimama pale ufukweni anatutazama. Mama yako hili halijui.

Kabla hamjatoka getini, muulize kiongozi wenu mbele ya wenzako wote: nani mwenye neno la mwisho la kurudi? Asikie kila mtu. Kichwa kikikuuma hakiachi, ukatapika, ukaanza kuyumba, usiseme utajikaza. Unashuka. Wewe una tabia ya kukaa kimya, na hiyo umeitoa kwangu. Na wale wapagazi, wanaoitwa wagumu, waangalieni kama wana makoti ya mvua. Mtu akibeba mzigo wako amelowa, nawe huna la kujivunia kule juu. Nguo za kulalia zifunge peke yake, maji yasizifikie.

Nimemuuza yule beberu mweusi. Hela nitakutumia Jumamosi kwenye simu. Ni ya siku ya sita, si ya viatu. Ukishalipa nitumie risiti niione, usinipigie simu kuniambia tu kwamba umelipa.

Huku mvua imeanza kutujaribu. Juzi ilikuta dagaa kwenye chanja mchana, mama yako na wenzake wakakimbilia maturubai lakini nusu zilikuwa zimeshalowa. Zimeuzwa kwa watu wa chakula cha kuku, bei ya kusikitisha. Ile bati ya jikoni bado inavuja; fundi alikuja, akapima, akaondoka na hajarudi. Goti la mama yako lina nafuu. Mdogo wako ameanza kidato cha tatu na anataka kalamu za kuchorea ramani, sijui zinauzwa wapi, kama ziko huko mjini mletee.

Usiku wenu huo wa mwezi mpevu sisi hatuendi ziwani. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Nitakuwa nyumbani, macho. Mkishuka Horombo mtandao ukipatikana, nipigie mimi, si mama yako.

Sweta la bibi yako limeshafuliwa, litakuja na basi la Jumatatu. Ni zito, lakini livae.

Baba yako