Sanduku la nyuma ya mkonga

Arusha, wiki ya pili ya Aprili

Ndugu yangu Fundi,

Assalaam aleikum. Natumaini hapo Ngamiani wote hamjambo, na mama goti lake limetulia. Sisi huku wazima. Mvua inanyesha usiku na mchana, magari yote ya wageni yamerudi gereji, na mimi nimepata muda wa kushika kalamu.

Najua nimekaa kimya sana. Tangu arobaini ya mzee wako sijakuandikia hata neno. Siku ile nilikuwa mbugani Ndutu na wageni, na baadaye kila nilipotaka kupiga simu niliona si haki kulizungumza jambo zito kama lile huku mtandao unakatika katika. Mzee alinifundisha kushika randa miaka mingi kabla mtu yeyote hajanifundisha kushika usukani. Nisamehe. Tukionana nitakuja kuzuru kaburi, tutakaa tuzungumze.

Leo nina shida. Nataka unitengenezee droo za nyuma ya mkonga, hii Land Cruiser yangu ya safari. Marehemu asingekubali niseme droo, kwake ilikuwa mtoto wa meza hata ikiwa ya kabati la nguo. Basi nataka watoto wawili wa gari, na nataka watoke mikononi mwako.

Acha nikueleze yaliyonipata. Mwaka jana kazi hii nilimpa fundi mmoja wa hapa mjini. Akatengeneza sanduku la chipbodi lenye droo mbili, akaweka reli zile za makabati ya jikoni, akapaka rangi ya kijivu ikapendeza. Gerejini kila mtu alisifia. Safari ya kwanza tu, kutoka geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro mpaka lile la Naabi la Serengeti, mambo yakaharibika. Barabara ile imekunjamana kama bati la migongo. Ukienda polepole inakutikisa, ukikaza mwendo inakutikisa kwa namna nyingine. Tulipofika kambini Seronera mpishi akavuta droo ya vyombo, ikachomoka yote, na gololi za reli zikatawanyika kwenye majani. Reli zile ni za kubeba kilo 40 hivi za sahani na vijiko, tena ndani ya nyumba iliyotulia. Sisi tulizibebesha sufuria, jiko la gesi na unga. Skrubu nazo zilikuwa zimekula chipbodi mpaka matundu yakawa mapana, ukiingiza kidole inatoka vumbi la mbao. Mvua ilipoingia mlango wa nyuma, pembe za chini zikavimba kama maandazi.

Nilizifunga kwa kamba nikaendelea na msimu. Nilipaswa kulitoa sanduku siku ileile.

Februari, tukitoka Ndutu, pundamilia wakakatiza. Sikuwa na kasi, nilikuwa chini ya 50, nikafunga breki. Na lile sanduku, kaka, halikuwa na bolti hata moja sakafuni. Fundi aliliweka tu juu ya zulia, likakaa kwa uzito wake, maana aliogopa kutoboa tangi la dizeli. Likaserereka mbele na kila kilichokuwamo, likambana mpishi kifundo cha mguu kwenye chuma cha kiti. Unamjua, yule Mpare wetu, ndiye aliyekupikia mkate wa kumimina ulipokuja Moshi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Simama kwanza, baba, mguu wangu uko huku." Tukamkimbiza Karatu, mfupa ukaonekana una ufa.

Sasa anatembea, ila asubuhi za baridi anachechemea. Na kila akipanda gari anageuka kutazama nyuma kabla hajakaa. Hanilaumu, wala hajawahi kusema neno. Mimi ndiye ninayemwona akigeuka.

Nilifikiria kununua zilizo tayari. Kuna za Australia, kuna za Afrika Kusini, za chuma na za alumini, nimezifungua na kuzifunga kwenye gari la mzungu mmoja aliyepita hapa akielekea Cape Town. Ni kazi safi, siwezi kusema vingine. Unavuta kwa kidole kimoja, ikifika mwisho inajishika yenyewe. Lakini ukijumlisha usafiri na ushuru wa bandarini, bei yake ni ya kununulia injini. Tena nyingi zimekatwa kwa vipimo vya gari lisilo na viti nyuma, na zile za chuma, zikiwa tupu kabisa, uzito wake unakaribia wa mtu mzima. Kila kilo ninayoweka kwenye sanduku naitoa kwenye maji au mizigo ya wageni, na spiringi za nyuma tayari zinalia.

Kwa hiyo nimeamua mbao, na nimeamua wewe. Plaiwudi ya marini, ile ya kustahimili maji. Ubao wa futi 8 kwa 4 wa milimita 18 una karibu kilo 30, wa milimita 12 karibu kilo 20. Mimi naona sakafu ya sanduku na kile kiwambo cha katikati viwe vya 18, droo zenyewe za 12. Au unaonaje? Zamani mzee alikuwa akikataa kupigilia skrubu kwenye ukingo wa plaiwudi, alisema pale ni kama kupigilia kwenye kitabu. Nimekumbuka maneno yake nilipoona pembe za yule fundi zilivyoachana. Kwako najua utachonga mifereji, utie gundi isiyoogopa maji, ndipo skrubu zije kushikilia tu.

Reli nimezipata. Duka moja huku linaagiza nzito, jozi moja imeandikwa kilo 227, na zina kifungo kinachoshika droo ikiwa ndani na ikiwa imetoka yote. Hicho cha pili ni cha lazima, maana hatuegeshi sehemu tambarare kila mara, na droo iliyojaa sufuria ikirudi yenyewe inakata vidole. Ila kumbuka zinakula milimita 19 kila upande, si 13 kama za jikoni. Droo mbili ni reli nne. Ukisahau hapo, tutakuwa na sanduku zuri lisiloingiza droo. Na hata zikiwa na kifungo chake, weka pia kitasa mbele ya kila droo. Sitaki uzito wote ushikwe na kichuma kimoja kidogo.

Kinachonitia wasiwasi ni vumbi. Vumbi la nyanda zile ni majivu ya volkano ya zamani, laini kama poda, linapita penye raba na pasipo raba. Likikutana na grisi ya gololi linakuwa msasa. Dereva mmoja mzee ameniambia niachane na reli kabisa, droo itembee juu ya vipande vya plastiki ngumu, ile ya vibao vya kukatia nyama. Haina gololi, haina grisi, unafuta kwa kitambaa basi. Lakini droo ya namna hiyo haiwezi kutoka yote, lazima nyuma ibaki ndani kushikilia, na mpishi anataka kuona mpaka chungu cha mwisho. Nimelala nalo usiku tatu hili. Pengine droo ya vyombo iwe ya reli, na ile ya zana, jeki na minyororo iwe ya plastiki? Wewe ndiye fundi.

Milango ya nyuma ya gari hili ni miwili na haitoshani upana. Ule mpana ndio unaofunguka kwanza. Nataka kiwambo cha katikati kiangukie pale milango inapokutana, ili mpishi afungue mlango mmoja tu na kuvuta droo yake mvua ikinyesha. Vipimo vyote nimevichora kwenye karatasi ya pili, nimepima mara tatu, na kingo za matao ya magurudumu nimezikatia maboksi ya kufuatishia umbo. Maboksi yenyewe nayatuma pamoja na barua hii.

Sasa narudi kwenye bolti, maana hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko hata vumbi. Gari kama langu lilikuwa na mabenchi ya pembeni yanayotazamana. Niliyatoa, lakini nati zake zilizochomelewa kiwandani bado zipo sakafuni, nimezisafisha zote na bolti zinaingia vizuri. Tutumie hizo hizo. Sanduku liwe na vyuma vya pembe chini, kila chuma kishikwe na bolti, washa pana, na nati yenye nailoni ndani popote bolti itakapopita kwenye tundu lisilo na nati ya kiwandani. Tukilazimika kutoboa tundu jipya, nitalala chini ya gari mwenyewe kwanza nitie alama, maana chini kuna matangi mawili, jumla lita 180, na mabomba ya breki. Ncha ya keekee tutaifunga utepe, isizame zaidi ya unene wa bati. Na vizito vyote vikae mbele ya sanduku, karibu na ekseli, si mlangoni.

Nataka ukishamaliza tuingie gari wote wawili, tulijaze, niende nalo kwenye barabara ya vumbi nje ya mji na nifunge breki kwa nguvu mara kumi. Likihama hata upana wa ukucha tunalitoa tunaanza upya. Gharama ni zangu.

Wageni wanaanza Juni. Mei yote gari liko juu ya mawe, naweza kukupa wiki mbili au tatu. Chumba kipo, karakana ya jirani ina msumeno wa meza na amekubali tuitumie jioni. Je, utaweza kuja, au kazi ya misikitini bado haijaisha? Ukishindwa kuja, unaweza kukata huko Tanga ukapanga vipande bila kuvigandisha, nikaja kuvichukua kwa basi? Plaiwudi ya marini halisi bado inapatikana kwenu, au ni ile inayoachana maganda ikilowa? Na ile randa ya mzee yenye mpini wa mkongo, unayo wewe au alichukua mdogo wako? Nitumie bei yako kamili, usinipunguzie kwa sababu ya urafiki, nusu nitakutumia kwa simu siku nitakayopata jibu.

Msalimie mama sana, mwambie nitaleta asali. Mpare naye anakusalimu. Ameketi hapa mlangoni anachambua mchele, anauliza kama bado unakula chakula bila pilipili, ajue atakupikia nini.

Ni mimi, mwenzako wa Chuda