Barua kwa Baba Mdogo, kabla ya kikao cha ukoo

Baba mdogo, shikamoo.

Jumamosi mnakaa kikao na wewe ndiye mwenyekiti. Nakuandikia hadharani kwa sababu yanayompata wifi yangu, mjane wa marehemu ndugu yangu, yanawapata wajane wengi, na sisi ndugu wa mume ndio tunaoyatenda.

Matanga yalipoanuliwa tu, daftari likatolewa. Nilikuwepo. Ikaandikwa nyumba, shamba, ng'ombe, kisha cherehani. Wifi akasema cherehani aliinunua yeye kwa pesa za kikoba. Hakuna aliyemjibu, kalamu ikaendelea. Baadaye akadaiwa funguo za chumba chake mbele ya watoto. Hakupigwa wala kutukanwa. Shangazi alikuwa akimfuta machozi huku orodha ikiandikwa. Tangu siku hiyo pikipiki ikisimama nje anashtuka. Mahindi aliyoyapalilia mwenyewe anaomba ruhusa kuyavuna. Mtoto wake mkubwa ameniuliza kama watahamishwa shule, nami sikuwa na jibu.

Unasema ni mila mjane asirithi. Mila hiyo, Baba mdogo, imeandikwa na serikali katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963: mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Yaani mama wa watoto wadogo atunzwe na hao hao anaowalisha! Kilichoandikwa na serikali kinaweza kuandikwa upya, na mahakama zilishaanza kukikataa. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, ndugu yake wa ukoo akampinga. Jaji alisema mwanamke anarithi na kuuza sawasawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua kwamba Tanzania iliwakosea haki wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa kwenye nyumba zao, ikataka sheria hizo za kimila zirekebishwe.

Najua unaogopa mali ya mtoto wa kaka yako ipotee kwa mume mwingine. Lakini watoto wale ni damu yetu, na anayewaamsha, kuwalisha na kuwapeleka shule ni mama yao. Ukimwondoa shambani, wao utawaweka wapi?

Muhtasari mtakaouandika ndio utakaopelekwa Mahakama ya Mwanzo. Naomba mumpendekeze wifi awe msimamizi wa mirathi, cherehani ifutwe kwenye daftari, na funguo arudishiwe kabla kikao hakijaanza. Mimi dada wa marehemu sidai hata kijiko. Nitalisema hilo mkinipa nafasi; msiponipa, nitamwandikia hakimu.