Ukubwa unaoua na ukubwa unaokinga

Vwawa, Mbozi

Mwanangu mpendwa,

Huku wazima, baridi tu ndiyo inatukomesha. Nimesoma ujumbe wako kwamba kila kitu kikikua kupita kiasi lazima kisambaratike. Nakubishia, na ushahidi wangu uko hapa Mbozi, kijijini Ndolezi: kimondo, lile pande la chuma lililoanguka kutoka angani.

Kwenye kiini cha atomu umepatia. Protoni, zile chembe zenye chaji chanya, zote zinasukumana, na msukumo wa kila moja unazifikia nyingine zote. Kani inayozishika pamoja ina nguvu zaidi, ila haivuki jirani. Ni kama mkutano wa kijiji: mkono utampa aliye kando yako tu, lakini kelele za mmoja zinawafikia wote. Sasa piga hesabu. Chuma kina protoni 26, kwa hiyo jozi zinazosukumana ni 325. Urani ina 92, jozi 4,186! Protoni zimeongezeka mara tatu na nusu, ugomvi karibu mara kumi na tatu. Nyutroni, chembe za kiini zisizo na chaji, husaidia, maana zinashika bila kusukuma, lakini ukishaipita metali ya risasi, yenye protoni 82, hazifui dafu. Hata bismathi, ya 83, tuliyofundishwa kwamba imetulia, mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa waliikuta inaoza, yaani viini vyake vinavunjika vyenyewe, polepole ajabu.

Kinachonishangaza mimi ni hiki: atomu moja ya urani ya kule Namtumbo itaoza lini, hakuna awezaye kukwambia. Ila chukua gramu nzima ya urani 238, yenye atomu nyingi mno, na hesabu inatabirika: kila sekunde zinaoza kama 12,000, na nusu yake itaisha kwa miaka bilioni 4.5.

Sasa njoo kwenye kimondo. Kinakadiriwa kuwa na tani 16, karibu chote chuma na nikeli kidogo, kinanyeshewa mvua zote za Mbozi na bado kipo. Stiliwaya ya mama yako, ambayo nayo ni chuma, ikilala na maji kwenye karai, asubuhi imeshageuka rangi ya udongo. Kutu inaingilia juu, pale hewa na maji vinapogusa. Stiliwaya ni uso mtupu. Kimondo kina tumbo kubwa ambalo hewa hailioni. Hapo ukubwa ndio kinga. Tena kutu inahangaika na elektroni za nje tu, viini vya chuma vimetulia tuli.

Kwa hiyo usiniambie "kikubwa" ukanyamaza. Niambie kani gani, na inafika wapi.

Hela ya matumizi nitatuma malipo ya kahawa yakitoka.

Baba yako